Shajara ya Mradi: Hofu na Umri Kando ya Ziwa, Mwanza, Julai hadi Septemba 2025

Jumamosi, 5 Julai

Leo tumeanza rasmi. Sisi ni wanafunzi wawili wa kidato cha sita, na mradi wetu unahusu swali ambalo mwenzangu aliliandika ubaoni hivi: "Je, hofu ya binadamu hubadilika kadiri umri unavyoongezeka?" Mwalimu wetu mlezi alilisoma, akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni hofu ya nini, ya nani, na itapimwa kwa kitu gani. Hatukuwa na jibu la hata moja kati ya hayo matatu. Akatuagiza tununue kaunta buku, tuandike humo kila uamuzi na sababu yake, pamoja na makosa, kwa kuwa mradi usio na makosa yaliyoandikwa, alisema, ni mradi ulioandikwa usiku wa kuamkia maonyesho.

Wazo lilitoka nyumbani kwetu. Mdogo wangu ana miaka sita. Umeme ukikatika hatoki alipokaa, na ukimtuma jikoni atalia mpaka asindikizwe, lakini ziwani huingia mbio kama bata. Mama yangu, kwa upande wake, hutembea gizani bila kufikiri mara mbili, ila tangu nipate akili sijamwona akipanda meli wala mtumbwi, na safari ya Bukoba huenda kwa basi kwa kuzunguka nchi kavu. Nilidhani tofauti ya wawili hao ni umri tu, na kwamba kazi yetu itakuwa kuchora mstari unaoonyesha hofu moja ikishuka na nyingine ikipanda.

Jumatano, 9 Julai

Tumeshinda maktaba. Yanayojulikana tayari ni mengi kuliko tulivyodhani, jambo lililotuvunja moyo kwa muda wa saa moja hivi. Mwaka 1897 mwanasaikolojia wa Marekani, G. Stanley Hall, alichapisha utafiti uliokusanya hofu 6,456 kutoka kwa watu 1,701, wengi wao vijana na watoto, na radi ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa mara nyingi mno. Tangu hapo picha ya jumla imejengeka taratibu. Mtoto mchanga hushtushwa na kishindo. Kuanzia miezi sita hadi minane hivi huanza kuwakataa wageni, na baadaye kidogo hulia akitenganishwa na mlezi wake. Kati ya miaka miwili na sita huja giza, wanyama na viumbe wa kufikirika; mtoto wa shule ya msingi huogopa zaidi kuumia, ajali, wezi, radi na kifo; na kijana wa sekondari huogopa kuaibika mbele ya wenzake, kukataliwa na kushindwa. Kwa hiyo nusu ya swali letu ilikwisha kujibiwa kabla hatujazaliwa: hofu hubadilika sura, na kila sura hufuata kile ambacho akili imefikia kukielewa, kwa maana mtoto hawezi kuliogopa zimwi la uvunguni kabla hajaweza kuwazia kitu asichokiona.

Mwalimu alitutaka tulinganishe tafiti mbili za zamani. Ya kwanza ni ya mwaka 1920, ambapo John B. Watson na Rosalie Rayner walimfundisha mtoto wa miezi kumi na moja hivi kumwogopa panya mweupe, kwa kugonga chuma kwa nyundo nyuma yake kila alipomgusa panya huyo. Hofu ikaenea hadi kwa sungura na vitu vingine vyenye manyoya, na mtoto aliondoka hospitalini bila mtu yeyote kumtoa hofu ile. Wahenga walikwisha kulisema hilo bila kumgongea mtoto wa mtu chuma: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ya pili ni ya Eleanor Gibson na Richard Walk, iliyochapishwa mwaka 1960. Hao waliwaweka watoto 36, wa miezi sita na nusu hadi kumi na minne, juu ya kioo kizito kilichoonekana upande mmoja kama kina korongo chini yake, na wengi wao wakakataa kutambaa kwenda upande wa kina hata walipoitwa na mama zao. Tafiti zote mbili zilijifunza jambo, lakini ya kwanza ilimwachia mtoto kitu ambacho hakuja nacho. Tumeandika kwenye ukurasa wa mbele wa kaunta buku sharti la kwanza la mradi: hatutamtisha mtu yeyote kwa lengo la kumpima.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya kuvunja wazo zuri. Mwenzangu alipendekeza tupime mapigo ya moyo badala ya kuuliza maswali, kwa hoja kwamba mtu anaweza kudanganya kwa mdomo lakini mkono wake hausemi uongo. Sayansi yenyewe ni sahihi. Ubongo unapotambua hatari, sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala hupeleka taarifa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hukimbia, mboni za macho hupanuka, na mwili hujiandaa kupambana au kukimbia, kama alivyoeleza Walter Cannon katika kitabu chake cha mwaka 1915.

Tatizo liko kwenye umri, ambao ndio tunaouchunguza. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Wa mtoto mdogo hupiga haraka zaidi hata akiwa amelala, na uwezo wa juu kabisa wa moyo hupungua kadiri mtu anavyozeeka. Tukichukua namba zilivyo, tutathibitisha kwamba watoto wana mioyo ya watoto, halafu tuite matokeo hayo hofu. Tungeweza kupima ongezeko kutoka hali ya utulivu, lakini ili liongezeke ni lazima tumtishe mtu, na sharti la kwanza limekataa. Kulikuwa pia na kikwazo cha Mwanza yenyewe. Tulimjaribu jirani yetu anayekaa juu mawe­ni, upande wa Mabatini. Alikuwa ametoka kupandisha ndoo ya maji, na mapigo yake yalikuwa 118 kabla hatujamwonyesha picha yoyote. Wazo limefungwa.

Jumamosi, 19 Julai

Leo tumegundua kwamba hatujui tunauliza nini hata kwa lugha yetu wenyewe, na nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu hakuna kitabu tulichosoma kilichotuonya.

Tulikuwa na swali moja la wazi: "Unaogopa nini?" Tulilipeleka kwa watu tisa tunaofahamiana nao, ili tuone tu linavyosikika. Mama mmoja wa kwaya alijibu papo hapo kwamba anamwogopa Mungu. Kijana wa darasa la saba alisema anamwogopa baba yake, kisha akaeleza kwa fahari kwamba baba yake ni fundi anayeheshimika mtaa mzima. Kwa Kiswahili mtu humwogopa nyoka, humwogopa baba na humwogopa Mungu, na kitenzi ni kimoja. Lakini anayemwogopa nyoka hukimbia, na anayemwogopa Mungu humsogelea. Swali letu lilikuwa likizoa hofu na heshima katika kapu moja, na kwa kuwa heshima ya namna hiyo huenda ikaongezeka na umri, tungepata mstari unaopanda na kutangaza kwamba wazee ni waoga kuliko vijana.

Hilo neno "mwoga" nalo lina miiba yake. Woga ni tabia na hofu ni hali. Kumwambia mtu ana hofu ni kumpa pole, kumwambia ana woga ni kumtukana. Vijana wanne wanaobeba mizigo ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, tulipowauliza mbele ya wenzao, kila mmoja alisema haogopi kitu chochote, na wa mwisho akasema hivyo hata kabla swali halijaisha. Pembeni alikuwa amekaa mzee mmoja anayeshona nyavu. Tulimwamkia, akaitika marahaba, akawaacha vijana waondoke, ndipo akasema: "Wajukuu zangu, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi upepo wa usiku nauogopa, ndiyo maana mnaniona hapa." Nimejiuliza tangu mchana ni wapi kwenye mstari wetu tungemweka mzee huyo, ambaye hofu yake ni ujuzi wa kazi.

Maamuzi ya leo ni haya. Kitenzi "kuogopa" kinatoka kwenye dodoso lote. Kila kipengele kitauliza, "Ukikutana na jambo hili, hofu inakupata kiasi gani?", na majibu yatakuwa manne: hainipati kabisa, kidogo, kiasi, sana. Hakuna atakayejibu kwa sauti mbele ya mwenzake. Anayesoma atajaza mwenyewe na kutumbukiza karatasi isiyo na jina katika boksi lililofungwa.

Jumamosi, 26 Julai

Kuchagua vipengele. Dodoso linalotajwa sana katika tafiti za hofu za watoto lilitungwa Marekani na Scherer na Nakamura mwaka 1968 likiwa na vipengele 80, na Ollendick akalirekebisha mwaka 1983 kwa kupunguza majibu kutoka matano hadi matatu. Vipengele 80 ni vingi mno kwa mtu anayekusubiri umalize ili arudi kuuza nyanya. Isitoshe, mtoto wa Igogo akisema hapati hofu ya dubu, hatutakuwa tumejifunza lolote kuhusu umri wake. Tumebaki na vipengele 24, na wanyama wetu ni nyoka, mbwa, kiboko na mamba.

Hapo tulibishana. Mwenzangu aliona kwamba kiboko na mamba si kipimo cha hofu bali cha akili timamu, kwa kuwa ufukweni wanyama hao huua kweli, na asiyewahofia ndiye mwenye kasoro. Nilijibu kwamba hatupimi ugonjwa, na hofu yenye sababu bado ni hofu. Mwalimu alikubaliana na wote wawili, jambo lisilosaidia sana, kisha akapendekeza tuvipange vipengele katika mafungu: vya hatari ya mwili iliyopo hapa petu, vya kufikirika, vya kuachwa peke yako, na vya kuaibika au kushindwa. Hivyo tutaweza kuona kila fungu linavyokwenda na umri badala ya kujumlisha vyote 24 kuwa namba moja isiyo na maana.

Radi imebaki, na si kwa heshima ya Hall tu. Eneo la Ziwa Victoria ni kati ya yanayopigwa sana na radi duniani; mchana mawingu hujijenga juu ya nchi kavu, na usiku ngurumo huhamia juu ya maji, wakati mitumbwi ya dagaa iko kazini. Nyoka naye amebaki, ingawa tumeweka alama ya tahadhari, kwa sababu Wasukuma wana Bayeye, chama cha wataalamu wa nyoka, na mgeni anayefika Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, anaweza kumwona chatu akichezwa shingoni mwa mtu kwa mdundo wa ngoma. Aliyekulia karibu na ngoma hiyo hatakuwa na hofu ya nyoka inayofanana na ya mwenzake wa umri uleule, na umri hautakuwa na lawama wala sifa katika hilo.

Viwili vimeondolewa. Kipengele cha fimbo ya mwalimu hakiwezi kujibiwa kwa uhuru na mtoto aliyekaa darasani. Uchawi nao tumeuacha, japo ungetupa majibu mengi, kwa kuwa usukumani bibi vizee wamewahi kudhuriwa kwa tuhuma za namna hiyo, na hatutaki karatasi ya wanafunzi iwe mahali pa mtoto kumtaja jirani.

Jumamosi, 2 Agosti

Jaribio la awali kwa watoto wa miaka saba hadi tisa, watano kwa jumla, nyumbani kwa shangazi wa mwenzangu na kwa ruhusa ya wazazi wao. Kwa kuwa umri huo kusoma bado ni kazi, tulitumia picha na visoda: mtoto anaonyeshwa picha, kisha anaweka mbele yake visoda kuanzia sifuri hadi vitatu kulingana na hofu inayompata.

Halikufaulu. Watoto wawili waliweka visoda vitatu kwa kila picha, ikiwamo picha ya embe, ambayo tuliiweka makusudi ili kuona kama wameelewa. Nilidhani ni uelewa mdogo, mpaka mmoja aliponiuliza kama akimaliza ataondoka navyo. Visoda kwa mtoto ni mali. Picha ya kiboko nayo, iliyochorwa na mwenzangu kwa penseli, ilipokewa kwa kicheko, na wote watano walisema ni nguruwe. Mmoja akaweka sifuri na kuongeza kwamba nguruwe hata kwao wapo.

Marekebisho: visoda vitarudishwa kwenye kopo baada ya kila picha, mbele ya macho ya mtoto, na tutamwambia mwanzoni kwamba ni vya kuazima. Tutaanza na mazoezi mawili, embe na mbwa anayebweka karibu, na ambaye ataweka visoda kwenye embe tutamweleza upya mara moja. Akirudia, tutaendelea naye kwa adabu lakini majibu yake hayatahesabiwa. Kiboko atachorwa na mtu mwingine.

Jumamosi, 9 Agosti

Mwalimu alikuwa ametuuliza swali gumu: kama tunataka kujua hofu inavyobadilika katika maisha ya mtu, mbona hatumfuati mtu yuleyule mwaka hadi mwaka? Kwa sababu maonyesho ni mwakani, tulijibu, naye akacheka. Tukafikiri njia ya mkato, yaani kumwomba mtu mzima akumbuke hofu alizokuwa nazo akiwa na miaka kumi, na kuzilinganisha na za sasa.

Nilimjaribu bibi yangu. Alisema kwa utulivu mkubwa kwamba utotoni hakuwahi kuhofia kitu, si giza, si fisi, si radi. Babu mdogo, yaani mdogo wake wa kuzaliwa, aliyekuwa amekaa hapo akimenya muhogo, aliweka kisu chini na kucheka mpaka akapaliwa. Kwa maelezo yake, dada yake alikuwa akimwamsha kila usiku amsindikize chooni, na alimlipa kwa karanga. Bibi alikataa katakata, kisha akasema huenda ilikuwa mara moja. Njia ya kumbukumbu imefungwa nayo, kwa kuwa inapima hadithi ambayo mtu anapenda kujisimulia leo.

Jumamosi, 16 Agosti

Jaribio la awali kwa watu wazima, mtaani Igoma. Wanane walijaza bila shida. Wa tisa alikuwa mama wa makamo, mwenye duka dogo la vitenge. Alisoma haraka, akaweka alama zake vizuri mpaka kipengele cha 17, kinachouliza kuhusu kusafiri kwa meli au kivuko. Hapo alisimama. Aliiweka kalamu juu ya meza, akapanga vitenge ambavyo vilikuwa vimeshapangwa, kisha akasema: "Mwanangu, hili naliruka." Nikamwambia haina shida, mama. Alimaliza yaliyobaki, akatupa maji ya kunywa, tukaaga.

Igoma ndipo yalipo makaburi ya waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua watu zaidi ya 800. Sijui kama mama yule alipoteza mtu, na sikumuuliza. Lakini tulipokuwa tunarudi kwa daladala nilijikuta nikifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya tarehe 5 Julai. Mama yangu ana miaka 41. Mwaka 1996 alikuwa na miaka 12, akiishi Mwanza. Hofu yake ya meli, ambayo niliichukua kama mfano wa namna umri unavyombadilisha mtu, huenda haina uhusiano wowote na kuwa na miaka 41. Huenda inahusu kuwa mtoto wa Mwanza mwaka ule.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeandika haya asubuhi, kabla ya kumwona Mwalimu, ili nisichanganye mawazo yangu na yake.

Tukiwauliza watu wa umri mbalimbali kwa siku moja, kila kundi la umri ni pia kundi la waliozaliwa miaka fulani. Mwenye miaka 60 anatofautiana na mwenye miaka 20 kwa kuwa ameishi miaka 40 zaidi, na pia kwa kuwa aliyaona mambo ambayo mwenzake ameyasikia tu. Karatasi yetu haiwezi kutenganisha hayo mawili. Kwa giza au nyoka kosa hilo linaweza kuwa dogo, lakini kwa kusafiri majini hapa Mwanza ni kubwa kuliko kitu tunachokipima. Tungechora mstari unaopanda kuanzia vijana hadi watu wa makamo, tukaandika chini yake "hofu huongezeka na umri", na kila mtu mwenye miaka zaidi ya 35 ukumbini angejua kwamba hatujaelewa.

Jumamosi, 23 Agosti

Mwalimu alisoma ukurasa uliotangulia mara mbili. Alisema huo sasa ndio mradi, na kwamba kichwa cha habari kinaweza kubaki kilivyo lakini swali limebadilika: ni kiasi gani cha tofauti tunachokiona ni umri, na kiasi gani ni mwaka wa kuzaliwa?

Makundi ya watu wazima tumeyakata upya, kwa kufuata ziwa badala ya kufuata miongo. Wenye miaka 20 hadi 28 leo hawakuwa wamezaliwa siku MV Bukoba inazama. Wenye miaka 35 hadi 45 walikuwa na umri wa kati ya miaka 5 na 16. Wenye miaka 55 hadi 70 walikuwa watu wazima tayari, wa miaka 25 hadi 41. Walio kati ya makundi hayo hatutawachukua, ili mipaka isichanganyike. Watoto na vijana wanabaki katika makundi manne: 7 hadi 9, 10 hadi 12, 13 hadi 15, na 16 hadi 18. Hao nao wana lao, kwa kuwa MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikaua watu zaidi ya 220, na mwenye miaka 17 leo anaikumbuka.

Makundi peke yake hayatoshi. Tunahitaji watu wa umri uleule ambao ziwa halikuwa sehemu ya utoto wao, na hapo ndipo binamu yangu wa Ngudu, Kwimba, alipopata kazi bila kuiomba. Tutachukua makundi matatu ya watu wazima huko pia. Ikiwa hofu ya majini ni suala la umri, watu wa Kwimba wenye miaka 40 watafanana na wa Mwanza wenye miaka 40. Ikiwa ni suala la mwaka ule, kundi la kati la Mwanza litajitokeza juu na la Kwimba halitajitokeza, au litajitokeza kidogo. Si kipimo safi. Kwimba nako kuna waliofiwa, na mtu ambaye hajawahi kupanda chombo anaweza kuwa na hofu ya ugeni, isiyo ya kumbukumbu. Kwa hiyo tumeongeza swali la iwapo mtu amewahi kusafiri majini na mara ngapi. Mwenzangu alikumbusha pia daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni mwaka huu, ambalo limewaondoa kwenye kivuko watu waliokuwa wakivuka kila wiki. Swali sasa linataja miaka mitano iliyopita, si mwezi uliopita.

Swali moja tuliloliandika na kulifuta mara tatu ni kama mhojiwa alipoteza ndugu katika ajali hizo. Bila jibu lake uchambuzi wetu una tundu, nalijua. Lakini wanafunzi wawili wenye kalamu na boksi hawana haki ya kumfungulia mtu msiba wake dukani kwake halafu wakaondoka na daladala. Limefutwa moja kwa moja, na tundu litaandikwa katika sehemu ya mapungufu.

Jumamosi, 30 Agosti

Vibali. Mwenyekiti wa mtaa ameandika barua. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo makundi manne yote, isipokuwa waliokwisha kutimiza miaka 18, yanahitaji saini ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe ataulizwa kama anataka. Akisema hapana baada ya mzazi kusema ndiyo, hapana yake ndiyo inayofuatwa.

Jumamosi, 6 Septemba

Mpango wa uchambuzi, uliokamilika kabla hatujakusanya chochote, kwa agizo la Mwalimu. Majibu yetu ni ya ngazi (hainipati kabisa, kidogo, kiasi, sana), na umbali kati ya "kidogo" na "kiasi" haujulikani kuwa sawa na ule wa kati ya "kiasi" na "sana", kwa hiyo hatutatumia wastani wa kawaida bali thamani ya katikati ya kila kundi. Tulikusudia pia uhusiano wa Spearman, yaani kipimo cha takwimu kinachoonyesha kama vitu viwili hupanda au kushuka pamoja, kati ya umri na kila fungu la hofu. Huo tumeubakiza kwa mafungu ya giza na viumbe wa kufikirika tu, kwa kuwa unaona mstari unaopanda au kushuka bila kugeuka. Hofu inayopanda kundi la kati na kushuka kwa wazee, kama tunavyotarajia kwa meli, ingeweza kutupa namba karibu na sifuri na kutudanganya kwamba hakuna kitu.

Lililotuchukua muda ni vipengele vinavyorukwa. Tumeongeza jibu la tano, "sitaki kujibu", ili mtu asilazimike kupanga vitenge. Mwenzangu alitaka tuyachukulie majibu hayo kama sifuri, ili hesabu ifungike. Mwalimu alisema: "Aliyenyamaza hajasema sifuri." Tutayahesabu peke yake, kundi kwa kundi. Ikiwa kimya kitajikusanya kwa wenye miaka 35 hadi 45 wa Mwanza, huenda kikatueleza mengi kuliko alama zenyewe, ingawa kukisoma kwa uhakika hatutaweza.

Jumamosi, 20 Septemba

Dodoso limetoka steshenari. Makundi saba ya Mwanza na matatu ya Ngudu, watu 14 kila moja, karatasi mbili kila mtu, kwa shilingi 100 ukurasa: shilingi 28,000. Tulikuwa na 30,000. Kila nakala ina herufi ya kundi pembeni, na kiboko sasa ni kiboko. Kesho mwenzangu ataanza na watoto, na mimi nitasafiri kwenda Ngudu Jumamosi ijayo. Kanuni ya mwisho tumeiandika leo: ndugu wa watafiti hawatahesabiwa, kwa kuwa tunajua mengi kuwahusu na wao wanajua mengi kuhusu tunachokitafuta.

Jioni nilipokuwa naziba boksi mezani, mama alichukua nakala moja ya ziada akaisoma akiwa amesimama karibu na jiko. Nikamweleza kanuni ya ndugu. Alisema ameelewa, akaomba kalamu, akakaa. Alijaza kurasa zote mbili bila kuniuliza lolote, akaikunja mara nne na kuitumbukiza katika tundu la boksi, halafu akaniambia nikamwangalie mdogo wangu, umeme umekatika. Nakala hiyo haina herufi ya kundi, kwa hiyo siku ya kufungua boksi itatambulika kwa nje, na tumekubaliana na mwenzangu kwamba yeye ndiye atakayeitoa, bila kuikunjua.